Mwenyekiti alikuwa mshenga wetu

Simu ya kwanza niliyompigia wakili hapa Leicester, ndoa yangu ilipovunjika, haikufika dakika tatu. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Binti aliyepokea hakutaka kusikia chochote kabla sijamtajia jina kamili la mume wangu, nami nikamtajia herufi kwa herufi, maana majina yetu ya Kinyakyusa yanawashinda. Nikasikia kibodi inalia, kisha: samahani, hatuwezi kukuhudumia, na sababu siwezi kukwambia. Nikajua ni ubaguzi tu. Kumbe mwenzangu aliniwahi, mwenyewe ndiye aliyeniambia baadaye. Wakili wa huku haruhusiwi kutetea pande mbili zinazogombana, wala kukupokea wewe wakati siri za mwenzako anazo.

Simu hiyo niliikumbuka Desemba nilipokwenda Tukuyu. Mdogo wangu na mkewe wanagombea mtoto wa miaka minne, na shauri lilikuwa kwenye baraza la usuluhishi la kata, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ukiacha hali chache, haikuruhusu kufungua talaka mahakamani bila cheti cha baraza kwamba usuluhishi umeshindikana. Mvua ya Rungwe mnaijua. Bati lilikuwa linapigwa mpaka kila neno linarudiwa mara mbili. Mwenyekiti akaingia anakung'uta mwavuli, nikamtambua: mshenga wetu. Ndiye aliyekwenda kwa kina wifi kuhesabu ng'ombe wa mahari. Akatusalimia kwa majina, akamuuliza mama mguu unaendeleaje, ndipo akamgeukia wifi: "Haya binti, sema."

Wifi alisema maneno machache. Utasema nini mbele ya mtu aliyekutoa kwenu?

Wengi hudhani baraza ni la kupatanisha, basi. Lakini sheria inaliruhusu kuambatanisha kwenye cheti mapendekezo yake kuhusu matunzo, mali, na mtoto akae na nani. Karatasi hiyo hakimu anaisoma kabla hajakuona sura. Letu lilipendekeza mtoto akae kwa bibi yake, yaani kwa mama yangu, na hoja iliyorudiwa ni kwamba ng'ombe walishatolewa. Sheria hiyohiyo inasema mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kwamba mila huangaliwa ila maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Hilo hakuna aliyelitamka. Hata mimi. Tulikuwa tunashinda.

Msidhani nimekuja kusifia Uingereza. Afisa aliyetumwa na mahakama kumwandikia ripoti binti yangu alikaa naye chini ya saa moja, na jina lake akalikosea kila ukurasa. Hakuwa na undugu na yeyote kati yetu, wala hakutujua. Yule mzee wa Tukuyu anajua mtoto wa mdogo wangu hukimbilia kwa nani radi ikipiga. Ujuzi huo ni mali, na mimi ningeutaka usikike barazani. Ila usikike kutoka benchi la mashahidi. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Mtu mmoja kusema "hawa niliwaoza mimi, naomba nipishe" kungeleta usumbufu wa siku moja au mbili, si zaidi.

Nilipomwambia mama jioni, akiwa anamenya ndizi, alicheka. "Sasa akae nani asiyetujua? Mtu wa Iringa?"

"Hata wa Kyela, mama."

"Kyela nako tuna shemeji zetu."

Hapo alinibana kweli.

Juzi wifi kanitumia ujumbe wa sauti. Anaomba nimtafutie wakili Mbeya mjini na nimsaidie gharama. Nikamwandikia kwamba mimi ni dada wa mumewe. Akajibu, "Najua wifi, ndiyo maana nimekuja kwako, wewe ulikuwepo ukaona." Hajui kwamba wiki iliyotangulia mdogo wangu aliniomba hela ya wakili, akanieleza na anachopanga kusema mahakamani. Pesa ya mdogo wangu sijatuma. Ya wifi pia sijatuma.