Ukilipwa Sema, Tena Sema Mapema

Kuanzia Aprili hadi Juni, masika yanapopiga Pwani na wageni wakipungua, simu za wanaoandika kuhusu Mombasa huanza kulia. Ujumbe huwa ni ule ule: "Ndugu yangu, njoo na familia siku mbili, chumba kipo, chakula juu yetu. Wewe tuandikie vizuri tu." Kwa kuwa hakuna aliyetaja pesa, wengi huona hakuna cha kumtangazia msomaji. Biashara nyingi za blogu huanza kuoza hapo, na mwenyewe hushtuka wasomaji wakiwa wameshahama.

Chumba cha bure ni malipo. Sahani ya biriani ya bure ni malipo, na kamisheni inayoingia mtu akibofya linki yako ya kukodi chumba ni malipo vilevile. Kulipwa hakuna ubaya; mwandishi naye hununua unga na bando. Ninachopinga ni kumwacha msomaji aamini kwamba ulijilipia, ilhali yeye atatoa pesa yake kwa kutegemea neno lako. Mtu anashuka SGR pale Miritini na watoto watatu, anakodi gari hadi Bamburi, na ameshalipia siku tatu kabla hata hajaiona hoteli. Akikuta mambo sivyo, hatakuandikia kulalamika. Atawaambia shemeji zake kwenye kundi la familia, basi.

Watu hujiona wametimiza wajibu wakiweka mstari mmoja mwishoni, kwa herufi ndogo: "kwa ushirikiano na hoteli fulani." Wengi husoma kwa simu, wengine wakiwa kwenye foleni ya feri Likoni, na makala huachwa nusu. Kilicho mwisho hakijasomwa. Tena "ushirikiano" ni neno la kujifichia. Linaweza kuwa kikombe cha chai, linaweza kuwa shilingi elfu hamsini. Tangazo la kwamba umelipwa likae aya ya kwanza, kabla ya linki ya kwanza na kabla ya sifa ya kwanza, kwa maneno ambayo mama muuza mahamri angeyaelewa: "Hoteli hii ilitupa chumba kwa siku mbili na chakula bila malipo. Haikusoma makala kabla hatujaichapisha." Sentensi mbili zinatosha. Kwenye video, litamke ndani ya sekunde za mwanzo na uliandike kwenye skrini, maana wapo wanaotazama bila sauti. Anayepata kamisheni ya Amazon hana hata hiari: Amazon yenyewe inamtaka atangaze kwamba analipwa mtu akinunua.

Ile sentensi ya pili, "haikusoma makala," lazima iwe kweli, na ukweli wake hutengenezwa kabla ya kwenda, kwenye makubaliano. Yaandike hata kama ni kwa WhatsApp: wanalipia nini hasa (makala moja, picha kumi, video ya dakika moja), itakaa mtandaoni muda gani, wanaruhusiwa kusahihisha nini. Wape haki ya kusahihisha ukweli peke yake: bei, jina, saa za kufungua. Maoni hayaguswi. Kisha chukua angalau nusu ya malipo mapema. Mwandishi anayesubiri pesa yote baada ya kuchapisha huanza kulainisha maneno bila kuambiwa na mtu, choo kilichovuja kinageuka "mambo madogo ya kurekebisha."

Toa na invoisi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kwa maudhui ya mtandaoni, kwa hiyo katika shilingi 20,000 mlipaji hukata 1,000, nawe umdai cheti cha makato. Anayeng'ang'ania kukupa noti mkononi bila karatasi yoyote mara nyingi ndiye huyo huyo atakayekuomba usitaje kwamba umelipwa.

Upande wa linki, mtego uko kwenye msimbo ambao msomaji haoni. Linki yoyote iliyolipiwa inatakiwa kubeba alama rel="sponsored", inayoiambia Google kwamba linki hiyo imelipiwa. Google iliitangaza mwaka 2019; kabla yake ilitumika alama ya nofollow, na hata leo inakubalika. Kuna wanaotuma barua pepe kila wiki wakitaka "linki ya kawaida tu, usiandike imelipiwa." Wanachonunua ni nafasi yako kwenye utafutaji. Google ikigundua, adhabu inaweza kuishukia tovuti nzima, pamoja na zile makala zako safi za Mji wa Kale na Fort Jesus. Kujinasua ni kutoa linki hizo moja moja au kuzitia alama, kisha kuomba ukaguzi upya na kungoja, na wakati wote huo wageni wa kutoka kwenye utafutaji wanaweza kupungua sana.

Kuna udanganyifu mwingine usiohusu pesa, nao naona umezoeleka mno hapa kwetu: picha ya ufuo. Picha ya Nyali iliyopigwa maji yakiwa yamejaa haina uongo ndani yake. Lakini siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwenye saa nne au saa tano asubuhi bahari huwa imetoka mbali, ufuo umebaki mwani, vidimbwi na mawe. Mgeni aliyekuja kuogelea baada ya chai atajikuta anatembea. Andika chini ya picha: "Saa kumi jioni, maji yamejaa. Asubuhi ya siku hiyo hapakuogeleka." Meneja atakunja uso, sawa. Mgeni naye atajua apange kuogelea jioni, na atakuja hivyo hivyo.

Bei nayo ni hivyo. Sahani ya mishkaki isiyo na tarehe ni uvumi tu. Weka mwezi na mwaka, sema kama kodi na huduma zimo, na kwa hoteli sema kama ni bei ya mkazi au ya mgeni kutoka nje, kwa sababu nyingi hutoza tofauti. Bei ikibadilika, usifute kimya kimya. Acha mstari unaosema ilikuwa ngapi na umeibadilisha lini. Wale wanaobadilisha tarehe iliyo juu ili makala ionekane mpya, ndani hawajagusa neno, hufumaniwa na msomaji wa kwanza anayekuta mkahawa umeshafungwa.

Mtangazaji pia hudanganywa, na huyu ndiye anayelipa. Kurasa 60,000 zilizofunguliwa si watu 60,000. Mtu mmoja akisoma makala tano amehesabiwa mara tano, na akitumia simu kisha kompyuta anaweza kuhesabiwa kama watu wawili. Mpe namba zote mbili, za kurasa na za watumiaji, za miezi mitatu mfululizo, pamoja na Mei. Desemba peke yake humpendeza kila mtu. Vile vikundi vya "nibofyee nikubofyee" achana navyo kabisa. AdSense, huduma ya Google inayowalipa wenye blogu kwa matangazo, haikulipi mpaka ufikishe dola 100, na mibofyo ya hila hukatwa au akaunti ikafungwa, wakati mwingine ukiwa umebakiza dola chache.

Na namba za simu za wasomaji ulizokusanya kwa shindano la zawadi? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuruhusu kumpa muuza viwanja, hata akiwa rafiki. Mtu alikupa kwa ajili ya shindano.

Nimesikia hoja kwamba ukisema haya yote watangazaji watakimbia. Baadhi watakimbia kweli, na mwezi huo utabana. Lakini Mombasa ni ndogo; wahudumu wa hoteli wanajua nani alilala bure na nani alilipa, na wanaongea. Makala yenye kasoro moja ya kweli, kwamba kiyoyozi kina kelele au lango liko mbali na stejini, huleta mgeni anayejua anakokwenda, asiyefika mapokezi akagombana. Meneja aliyezoea kazi hulijua hilo.

Kwa mwenye makala mia mbili za nyuma zisizo na tangazo lolote la malipo, anza na ishirini zinazosomwa zaidi, tano kwa wiki. Zenye kamisheni kwanza, za vyumba vya bure baadaye. Ile ambayo hukumbuki kama ulilipwa au la, andika juu kabisa kwamba hukumbuki.