Mwanafunzi wa programu aanze na saa, si Fahrenheit

Ukichungulia mazoezi ya kwanza ya Python, lugha ya kuandikia programu, anayopewa kijana wa Morogoro au Kakamega, hulikosi hili: ingiza joto kwa Selsiasi, programu itoe Fahrenheit. Mimi silipendi. Si kwamba ni gumu, kanuni yenyewe ni fupi: zidisha kwa 9, gawa kwa 5, ongeza 32. Tatizo ni kwamba Fahrenheit huyo kijana haijui hata kwa kuisikia redioni. Nyuzi 30 zinatakiwa kutoa 86. Akichanganya, akazidisha kwa 5 na kugawa kwa 9, atapata 48.67 na wala hatashtuka. Kompyuta imesema, basi.

Mazoezi haya ya kuuliza kwa input na kujibu kwa print wengi huyadharau. Wanataka apu yenye rangi na vitufe, si dirisha jeusi lenye mstari mmoja. Ila dirisha hilo jeusi ndiyo sehemu pekee ambapo mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaweza kuikamata kompyuta ikikosea, mradi jibu analijua kabla ya kubonyeza Enter.

Chukua nauli. Tuseme ni 600 kwa kichwa, na abiria ni watatu:

nauli = input("Nauli: ")
print(nauli * 3)

Skrini inaleta 600600600. Hapo hakuna asiyecheka, na kila mtu anataka kujua kulikoni. Kumbe chochote kinachoingia kwa input, Python hukipokea kama maandishi, na maandishi ukiyazidisha kwa 3 yanarudiwa mara tatu. Weka int(), inayogeuza maandishi kuwa namba, kuizunguka hiyo input, upate 1800. Kisha mpe jirani ajaribu. Ataandika 1,500/= kama alivyozoea kuiona kwenye risiti, na programu itagoma kwa ValueError, yaani kosa la kupewa kitu isichoweza kukigeuza namba. Jirani hana kosa, pesa ndivyo tunavyoiandika. Sasa ni kazi ya mwandishi wa programu kuiondoa mkato na ile alama ya mwisho kabla ya kuhesabu.

(Ukikuta somo linalotumia raw_input, liache. Ni la Python 2, ambayo iliacha kuhudumiwa mwanzoni mwa 2020.)

Lakini zoezi ninalolipenda kuliko yote ni saa. Mtu aingize saa ya kwenye simu, kuanzia 0 hadi 23, programu imwambie ni saa ngapi kwa Kiswahili. Kila mmoja wetu anafanya hesabu hii kichwani tangu utotoni, kwa hiyo hakuna wa kumdanganya:

saa = int(input("Saa: "))
print((saa - 6) % 12)

Alama ya % hutoa baki baada ya kugawa, hapa kwa 12. Ingiza 7, inatoa 1. Ingiza 15, inatoa 9. Safi. Ingiza 18, inatoa 0, na hata mtoto wa chekechea atakuambia hakuna saa sifuri. Hapo ndipo if, amri ya kusema "ikiwa hivi, fanya vile", inapozaliwa, kwa haja na si kwa sababu sura ya pili ya somo imefika. Ingiza 25 nayo inajibu saa saba bila haya yoyote, kwa hiyo unahitaji if nyingine ya kukataa. Ukiingiza 0, usiku wa manane, Python inatoa 6 kama inavyotakiwa, ila hesabu ileile ukiiandika kwa lugha ya C utapata -6.

Halafu ongeza neno la kipindi. Saa kumi, simu ikionyesha 4, ni usiku au alfajiri? Saa moja baada ya magharibi, ni jioni au usiku? Nimeona watu wakibishana kweli juu ya hili, na ubishi huo nauhesabu kuwa sehemu ya somo. Kompyuta haina maoni, lazima mtu aamue mpaka uwe wapi na auandike.

Najua siku hizi akili mnemba inakuandikia yote haya kwa sekunde chache, pamoja na maelezo. Iache iandike. Swali ni nani atakayeona kwamba imeandika saa sifuri, na yule aliyefundishwa kuamini 48.67 simtegemei kwa hilo.

Anayeona hii ni rahisi mno aongeze dakika. 7:30 ni saa moja na nusu, haina taabu. 7:45 ndiyo inayosumbua, kwa sababu watu hawasemi saa moja na dakika arobaini na tano, wanasema saa mbili kasorobo, na programu inabidi iitazame saa inayofuata. Ukimaliza, ijaribu kwa 18:45. Wengi programu yao itasema saa kumi na tatu kasorobo.