Kortisoli inasingiziwa?

Siku hizi kitambi kikitokeza, inalaumiwa homoni ya kortisoli. Usingizi ukikatika saa tisa usiku, kortisoli. Na wauzaji wa virutubisho vya unga vya kuishusha hawako mbali.

Homoni hii hutoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, na ina ratiba yake: karibu na saa sita usiku huwa chini kabisa, alfajiri hupanda, hufika kileleni muda mfupi baada ya mtu kuamka, kisha huteremka hadi usiku. Kuiita homoni ya msongo na kuishia hapo ni kuivunjia heshima. Ndiyo inayotuandaa kuikabili asubuhi.

Wanaoihofia wana hoja. Katika utafiti wa Whitehall II, watumishi wa serikali zaidi ya 4,000 wa London walitoa mate mara sita ndani ya siku moja, kati ya 2002 na 2004. Wale ambao kortisoli yao haikuteremka sawasawa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa katika miaka kama sita iliyofuata, hasa kwa maradhi ya moyo.

Ila tuhesabu. Waliokufa walikuwa 139. Wa moyo, 32 tu. Tena, kipi kilitangulia? Ugonjwa uliojificha, sigara, usingizi mbovu: vyote vinaweza kuvuruga mteremko huo kabla daktari hajagundua lolote.

Kwenye zamu za usiku, kilichotangulia kiko wazi zaidi, maana hakuna anayekuwa mlinzi kwa sababu kortisoli yake imevurugika. Mwaka 2007, na tena 2019, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya usiku katika kundi la mambo ambayo yaelekea husababisha saratani. Hata hapo kortisoli haiko peke yake: kuna mwanga, melatonini (homoni ya usingizi), na ugali unaoliwa saa nane za usiku. Mimi naegemea hapa. Muuguzi anayebadilishiwa zamu kila baada ya siku mbili anahitaji ratiba yenye huruma kuliko kopo la unga.

Na ule "uchovu wa tezi za adrenali", yaani hizo za juu ya figo, unaotajwa na wauzaji? Mapitio ya tafiti 58, yaliyochapishwa 2016, hayakupata ushahidi kwamba upo. Ukiletewa jibu la kipimo cha kortisoli, tazama kwanza saa uliyotolewa damu. Kama haikuandikwa, namba hiyo haina mengi ya kukuambia.