Usiulize wiki ngapi, uliza dakika ngapi

Siku ya tano ya mafunzo ya udereva ndipo nilipoanza kuandika dakika. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa kiti cha nyuma cha Corolla kuukuu, tumebanana wanafunzi watatu, wa nne ndiye kashika usukani, na sina la kufanya. Nikatoa daftari langu la hesabu za dukani, nikaandika: dada wa saluni, 14. Kijana wa chuo, 11. Mimi, 12. Mzee mstaafu, 9, maana mwalimu alipitia sheli kujaza upepo na zamu ya mzee ikaishia kwenye foleni ya upepo.

Risiti yangu ilisema wiki tatu, nusu saa kila siku, shilingi 180,000. Hiyo hela ilikuwa ya mchezo, ule wa kuchangiana na kupokea kwa zamu. Nilicheza na wenzangu miezi sita nikipigania kupokea kabla ya Januari, na siku nilipopokea sikununua hata kanga, nilikwenda moja kwa moja kulipia udereva. Kwa hiyo mnisamehe kama nilikuwa na uchungu nayo. Wiki tatu za siku tano tano ni siku 15. Nusu saa mara 15 ni saa saba na nusu. Mimi kwa daftari langu, nikikadiria na zile siku nne za mwanzo, nilishika usukani dakika 180, yaani saa tatu. Elfu moja kila dakika. Ukizima gari ukahangaika kuliwasha upya, mia tano imekwenda.

Sisemi niliibiwa. Mimi ni mtu wa duka, najua biashara. Petroli ina bei, gari lina matairi, mwalimu ana familia, na bila kupakia wanafunzi wanne kwa safari ile shule haifiki mwisho wa mwezi. Ninachosema ni kwamba sisi wenye hela za mawazo tunauliza swali la kitajiri. Tunauliza "shilingi ngapi?" na "wiki ngapi?" tukijibiwa tunaona tumeelewa. Wiki ni kipimo cha muuzaji. Ni sawa na kununua mchele kwa ukubwa wa gunia bila kuuliza kilo.

Na hata hizo saa tatu nisingeapa kuwa zote zilikuwa zangu. Gari la shule lina pedeli ya pili ya breki upande wa mwalimu. Wakati ule niliona ni kitu cha usalama, na kweli ni cha usalama. Kumbe mwalimu alikuwa anaikanyaga kila mara, kidogo kidogo, kabla sijafikiri. Nikikaribia tuta, gari linapungua. Nikikaribia bodaboda, gari linapungua. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu nimeiva.

Ukweli niliujua kwenye kirikuu la dukani.

Duka ninalofanyia kazi liko Goba, Dar es Salaam, tunauza saruji, nondo, mabati na rangi. Kwa wasioijua Goba, ni milima na mabonde, ukishuka hapa unapanda pale. Mizigo midogo tunaipeleka kwa kirikuu, hizi Suzuki Carry za Japani zenye injini ya cc 660 iliyokaa chini ya kiti, kiasi kwamba ukiendesha mchana makalio yanaiva. Dereva wake ni mtu mzima, sote tunamwita Babu. Nilimwendea nikasema, "Shikamoo Babu. Nina lena, nina vibao vya L, na kila Jumapili nina mafuta ya elfu kumi. Nifundishe." Akasema, "Marahaba mama. Bosi akikubali, mimi sina neno." Bosi aliuliza jambo moja tu, lena iko wapi, akaiangalia pande zote mbili kama noti anayoitilia shaka.

Lena, kwa asiyejua, ni leseni ya kujifunzia. Mimi nililipa 10,000. Bila hiyo, na bila mwenye leseni pembeni yako, usithubutu kugusa barabara, hata ya mtaani. Umaskini si utetezi mbele ya trafiki, na wala si utetezi mbele ya mama wa mtoto uliyemgonga.

Jumapili ya kwanza tulikwenda uwanja wa mpira, alfajiri kabla vijana hawajaamka, mlinzi tumemwomba. Nikaondoka vizuri na gia ya kwanza, nikaweka ya pili, goli likawa linakuja. Nikasubiri gari lipungue. Halikupungua. Babu kanyamaza kimya, mikono kwenye mapaja. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, klachi nimeisahau, kirikuu likaruka kama mbuzi na kuzimika hatua mbili kabla ya mlingoti. Babu akasema, "Hapa hakuna wa kukusaidia, mama. Huko ulikuwa unaendeshwa."

Tulikwenda Jumapili tano. Kila siku zaidi ya saa moja, mimi peke yangu kwenye usukani. Mafuta 50,000, jumla kama saa sita. Haifiki shilingi 140 kwa dakika. Soda na mihogo ya Babu sizihesabu, na hiyo mihogo ilikuwa na kazi yake. Jumapili ya nne, mlimani, alishuka akachukua mihogo yake ya kukaanga iliyofungwa kwenye gazeti, akaiweka sentimita chache nyuma ya tairi, akarudi kukaa. "Ukirudi nyuma, mimi leo sili." Achia hendibreki, inua klachi polepole mpaka usikie gari linatetemeka na pua yake inainuka, ndipo ukanyage mafuta. Huo mtetemo ndio mwalimu wa shule alioniambia kwa maneno wiki nzima nisiuelewe. Niliusikia kwenye unyayo nikiwa jasho limenitoka, na Babu alikula.

Watu wananiambia nimejisumbua bure, magari ya Dar yote siku hizi ni oto. Vitz oto, IST oto, Passo oto, ya nini kuhangaika na klachi? Kwa mwenye gari, sawa kabisa, asome kwenye gari la aina yake. Sisi tusio na gari hesabu yetu ni tofauti. Gari utakaloazimwa ili ufanyie mazoezi haliwi Vitz ya shemeji, shemeji haiachii. Litakuwa gari la kazi, na magari ya kazi mengi yana klachi. Kibarua kikitokea pia, kitakuwa cha kirikuu au cha Canter. Jifunze oto ukiwa na gari, jifunze manyuo ukiwa na shida.

Mengine hayana bei. Kwa mwezi mzima nilikuwa nikipanda daladala za Goba nagombania kiti cha mbele karibu na dereva, ambacho wengi wanakikimbia kwa sababu ya joto la injini. Naangalia miguu yake. Anaachia mafuta mapema kiasi gani kabla ya kituo? Gia anashusha wapi kwenye mteremko? Saitmira anaitazama mara ngapi? (Wengine hawaitazami kabisa, hilo nalo ni somo.) Alama za barabarani nilizisoma kwa miguu, kila kibao ninachopita najiuliza kinasema nini. Kiplefti, yaani mzunguko wa barabarani, neno tulilolichota kwenye kibao cha Kiingereza cha "Keep Left" tukalitungia hadi wingi wake, viplefti, nilikielewa nikiwa nimesimama pembeni nakula karanga: aliyeko kulia kwako anapita kwanza. Nilisimama pale dakika 20 nikihesabu wanaoitii sheria hiyo na wasioitii. Matokeo nayahifadhi.

Kuna hesabu nyingine nilijifanyia kichwani. Mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa. Gawanya, unapata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Duka letu toka mlangoni hadi kaunta ni mita nne. Yaani ukitupia jicho simu kwa sekunde moja umepita maduka matatu na nusu hujaona kitu. Tangu nilipopiga hesabu hiyo, mume wangu akiendesha huku anajibu ujumbe nashuka.

Sasa lile la njia ya mkato. Utaambiwa, na mimi niliambiwa na mtu mzima mwenye heshima zake, kwamba ukiwa na laki kadhaa leseni inakuja mpaka nyumbani, huna haja ya kujifunza wala kufanya mtihani wa trafiki. Tuache dhambi na sheria, kila mtu anazijua. Tuongee pesa tu. Leseni halali ni 70,000 kwa miaka mitano. Kabla ya 2019 ilikuwa 40,000 kwa miaka mitatu, watu wakalia imepanda, lakini ukigawa kwa mwaka ni 14,000 badala ya elfu 13 na kitu. Kwa hiyo kadi yenyewe si ghali. Anayelipa laki kadhaa kwa njia ya mkato amelipia kutojua kuendesha, na gharama ya kujua bado atakuja kuilipa baadaye, kwa bampa la mtu mwingine.

Shule bado unaihitaji. Cheti kinatakiwa kabla ya kwenda kwa trafiki, na mambo kama kurudi rivasi katikati ya vigingi mwalimu wangu aliyafundisha vizuri kuliko Babu, ambaye rivasi anapiga kwa kutoa kichwa dirishani na kumwita Mungu. Ila ningekuwa narudia leo, ningeanza na uwanja, nikajaza saa zangu za kuzima gari kwa bei ya mafuta, ndipo niende shule kununua dakika chache za barabara kuu nikiwa tayari najua klachi iko wapi.

Mwezi uliopita mdogo wake mume wangu alikuja kuomba mkopo wa udereva. Nikapiga simu shule tatu, zote nikauliza, kila mwanafunzi anashika usukani dakika ngapi kwa siku, na ndani ya gari wanakuwa wangapi? Wa kwanza akajibu, "Ni wiki tatu, dada." Wa pili, "Wiki nne, lakini tunapunguza bei." Wa tatu alicheka kwanza, akasema hajawahi kuulizwa, kisha akasema 25, wanafunzi wawili kwa gari, ila ada inazidi wenzake kwa elfu 40.

Shemeji anaanza Jumatatu. Hiyo elfu 40 nimemwongezea mimi, na nimempa daftari.