Mwalimu wa kigeni Juba: maji na umeme viwe nyumbani au shuleni?

Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011 na kukifanya Kiingereza lugha rasmi, walimu wake wengi walikuwa wamesomea Kiarabu. Pengo hilo liliwavuta walimu wa Kenya na Uganda, na mpaka leo wapo wanaovuka mpaka kwenda kufundisha huko, hasa katika shule za binafsi. Mshahara ukishajulikana, mjadala huwa ni maji na umeme. Wengine wanasema usifunge begi kabla mkataba haujataja vitu hivyo viwili. Wengine wanasema uliyekubali kazi Juba, ishi kama wanavyoishi wenyeji.

Wanaodai mkataba wana hoja nzito. Kwa nchi nzima, wenye umeme hawafiki asilimia 10. Juba ilipata mtambo wa megawati 33 mwaka 2019, lakini unaendeshwa kwa mafuta, na mitaa mingi bado ni ya jenereta na sola. Maji nayo, kwa wengi, huletwa na maboza yanayochota mto Nile na kujaza mapipa nyumba hadi nyumba. Dizeli ikipanda, na pipa linapanda. Mwalimu anarudi jioni, pipa tupu, shati la kesho halijafuliwa, na rundo la madaftari linasubiri kusahihishwa kwa mwanga wa simu ambayo chaji inaisha. Hata awe na moyo kiasi gani, muhula wa pili atautafutia sababu ya kutorudi. Tena mwajiri asiyetaka kuandika chochote kuhusu maji huwa anajua hali ya nyumba anayokupeleka.

Lakini wa upande wa pili nao wasipuuzwe. Bomba linalopitisha mafuta ghafi ya Sudan Kusini katika nchi jirani ya Sudan lilipasuka Februari 2024, mapato ya serikali yakaporomoka, na watumishi wa umma, walimu wakiwemo, wakakaa miezi mingi bila mshahara. Mgeni mwenye jenereta inayonguruma usiku kucha, jirani yake mwalimu wa shule ya serikali akiwa gizani na mfukoni hana kitu, ni jambo linalouma. Mwenyeji huyo ndiye atakayebaki na watoto mgeni akishaondoka.

Kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili zinabishania nyumba ya mwalimu, na somo linafia darasani. Machi 2024 serikali ilifunga shule zote kwa sababu joto lilitabiriwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 ikazifunga tena, kwa wiki mbili, baada ya wanafunzi kuanza kuzirai shuleni mjini Juba. Madarasa mengi ni ya mabati, juu na ubavuni, na hayana umeme wa kuzungusha hata feni. Ikifika saa sita mchana bati haligusiki, chaki inateleza mkononi kwa jasho, na watoto wanahamishia madawati chini ya mwarobaini. Mwalimu aliyelala vizuri kwenye nyumba yenye sola atafanya nini hapo? Kwa hiyo nasema tangi, sola na feni vidaiwe shuleni kwanza, ambako mgeni, mwenyeji na mtoto watavitumia pamoja. Nyumba ya mwalimu ifuate.

Kuna pendekezo kwamba shule zifungwe wakati wa joto kali, kuanzia Februari, na masomo yaanze Aprili. Kwa Juba naliunga mkono. Kwa majimbo ya Jonglei na Unity nasita, kwa kuwa Aprili ndiyo mwanzo wa mvua, na tangu 2019 mafuriko yamefunika vijiji na shule zake huko. Barabara hupitika kiangazi, yaani wakati uleule tunaotaka watoto wabaki nyumbani. Ratiba moja ya nchi nzima lazima itaumiza upande mmoja; bora majimbo yaachiwe kupanga yao, na wizara ibaki na tarehe za mitihani.

Hilo litachukua miaka. Kuanza vipindi alfajiri na kuwaruhusu watoto kabla ya saa sita hakuhitaji wizara wala mfadhili. Mwalimu anayesaini mkataba mwezi huu anaweza kumwomba mwalimu mkuu hilo kabla hajauliza habari za jenereta.