Altezza ibaki, IST ije? Hesabu ya magari mawili Dar

Yeyote anayeonekana kujua magari kidogo hapa mjini ameshaulizwa hili. Mtu ana Toyota Altezza ya usajili wa namba B, manyuo (gia za mkono), aliinunua kabla hajaoa. Sasa ana watoto wawili, amehamia Goba, kazi iko Posta, na gari limeanza kudai: leo bushi, kesho rejeta, keshokutwa linachemsha Mwenge watu wote wakiangalia. Mke, fundi na wafanyakazi wenzake wanampa jibu moja: uza, chukua Toyota IST, utulie. Yeye anataka IST ije na Altezza ibaki. Wenzake wanaona ni ubishi wa mtu asiyetaka kukua. Mimi naona ana hoja, ila sababu anazozitoa mara nyingi siyo zenyewe.

Ya kwanza kuitoa huwa ni mafuta: "IST itajilipa yenyewe." Tupige hesabu basi. Goba hadi Posta kwenda na kurudi, ukipitia shule na sokoni, ni kama kilomita 50 kwa siku. Siku 22 za kazi zinatupa kilomita 1,100 kwa mwezi. Altezza ya lita 2.0 kwenye foleni tuipe kilomita 8 kwa lita, IST ya 1.3 tuipe 13. Petroli tuichukulie shilingi 3,000 kwa lita, maana bei kikomo ya EWURA hutangazwa upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na hatuwezi kuikimbiza. Altezza itakunywa kama 412,000, IST kama 254,000. Tofauti ni 158,000 hivi kwa mwezi, karibu milioni 1.9 kwa mwaka.

Wengi huishia hapo na kumpigia dalali. Lakini Altezza imebaki, na haikubakizwa ili itazamwe. Mizunguko ya wikiendi ya kilomita 200 kwa mwezi ni lita 25, yaani 75,000, na tofauti yetu imeshuka hadi 83,000. Toa bima ndogo ya gari la pili, 118,000 kwa mwaka. Toa oili, toa tairi, toa betri, maana sasa kila kitu unanunua mara mbili. Hata kabla ya hivyo vitatu, kinachobaki ni kama 880,000 kwa mwaka. IST safi ya mtaani ukiipata kwa milioni 10, utakaa zaidi ya miaka 11 ukiirudisha kwa mafuta peke yake.

Anayeuza Altezza hesabu yake inakaa vizuri zaidi. Tuseme namba B imempa milioni 6. IST imemgharimu milioni 4 za ziada, na kwa milioni 1.9 za mafuta kila mwaka amezirudisha kwa miaka miwili na kidogo. Kwa hiyo upande wa "uza" umeshinda kwenye pesa, na umeshinda kwa mbali. Anayebakisha magari mawili anatumia, habani. Matumizi yanaweza kuwa na akili, lakini yaitwe matumizi, hasa mbele ya mke.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho IST inanunua kweli, nacho ni nafasi ya Altezza kuharibika bila kuharibu siku ya mtu.

Chukua mfano mmoja wa gereji. Altezza ya toleo la RS200 ina injini ya 3S-GE, na injini hiyo inatumia taimingi belti, siyo cheni kama ilivyo kwenye injini za 1NZ na 2NZ za IST. Belti ina umri wake. Fundi akifungua kuibadilisha anakuta wota pampu imeanza kuvuja maji, na tenshena ina mchezo. Kazi sahihi ni kubadili vyote vitatu kwa pamoja, kwa sababu kufungua tena baadaye ni kulipa ufundi ule ule mara ya pili. Lakini pampu halisi haipo leo. Kariakoo wanayo ya bei rahisi ambayo fundi mwenyewe anaigeuza mkononi bila kusema kitu. Nzuri iko kwa mtu wa Gerezani anayesubiri mzigo Ijumaa. Mwenye gari moja anasema nini? "Funga tu hiyo, kesho nina kazi." Miezi michache mbele gari linachemsha, silinda hedi inapinda, na mtaa mzima unasema Altezza ni ugonjwa wa moyo.

Magari mengi ya aina hii yamemalizwa na haraka ya namna hiyo: spea ya kubahatisha, kazi ya usiku, waya uliounganishwa kwa mdomo. Mwenye IST getini anaweza kumwambia fundi asubiri hadi Ijumaa, hata hadi mwisho wa mwezi. Faida hii haionekani kwenye daftari la mafuta, lakini kwangu ndiyo inayobeba hoja nzima ya magari mawili.

Na kinachotunzwa si gari la hovyo. Altezza ilitoka Japani mwaka 1998, ikawa Gari la Mwaka la nchi hiyo msimu wa 1998–99, na ng'ambo iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Ilitengenezwa hadi 2005. RS200 ya manyuo ina gia sita na farasi 210 kutoka kwenye lita mbili bila tabo, na nguvu inakwenda tairi za nyuma. Ukikaa ndani unakutana na saa kubwa ya mwendo yenye vijisaa vitatu ndani yake, kama saa ya mkononi ya mzamiaji, na kichwa cha gia cha chuma kinachochoma kiganja ukiliacha gari juani. Zile taa za nyuma za duara ndani ya kioo cheupe zilipendwa kiasi kwamba dunia nzima ilifunga mfano wake kwenye magari mengine na kuziita taa za Altezza. IST ni gari zuri, nalisema bila kejeli. Lakini hakuna mtu aliyeamka saa kumi na moja Jumapili kwenda Bagamoyo kwa sababu tu leo ataendesha IST.

Hapo upande wa pili unaingia na tochi. Utaliendesha wapi hilo gari lako la farasi 210? Ukitoka Tegeta, ukitoka Kibaha, kila penye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki yuko nyuma ya mti na tochi yake, faini 30,000 kila kosa. Penye nafasi pana matuta, pasipo na matuta pana lori limeharibika limewekewa majani. Hoja hii ni nzito kuliko wapenzi wa magari wanavyokubali. Jibu langu ni kwamba raha ya manyuo inaanza chini ya 50: gia ya pili ikishika vizuri kwenye kona, mlio ukipanda, usukani ukikuambia barabara ikoje. Anayetaka kasi tu atafute pa kwenda, Dar hapamfai.

Kuna jambo la kodi ambalo watu husahau, na linambeba mwenye magari mawili bila yeye kujua. Zamani ulikuwa unalipa leseni ya gari kila mwaka, liwe linatembea au limepaki. Magari yaliyolala uani yalikuwa yanazaa deni la TRA kimya kimya, na wengine waliyatelekeza kwa sababu deni lilikaribia bei ya gari. Bajeti ya 2017/18 iliifuta ada hiyo na kuhamishia mzigo kwenye mafuta. Tangu hapo anayelipia barabara ni anayechoma lita nyingi. Gari la wikiendi linachangia kwa lita zake 25 tu. Wakenya walikaribia kwenda njia ya kinyume mwaka 2024, pale muswada wa fedha ulipopendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, kabla pendekezo halijaondolewa. Ingepita, gari la pili la Nairobi lingekuwa na bei nyingine kabisa.

Kodi za kuagiza gari nazo zinafanya kuuza kuwe kwa kudumu. Ukijuta baadaye ukataka kuagiza Altezza nyingine, zote sasa zimezidi miaka 10, kwa hiyo juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 unaongezewa uchakavu wa asilimia 30. Kenya ni mbaya zaidi, gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa. Anayeuza Subaru Impreza yake ya zamani Nairobi anauza kitu ambacho atakirudisha kwa kumbembeleza Mkenya mwenzake tu. IST ukiikosa leo, kesho zipo kumi.

Sasa mambo ambayo hesabu haiyaoni. La kwanza, gari kupaki siyo gari kutunzwa. Altezza iliyoachwa chini ya mwembe Mbezi Beach miezi minne haikai kama ulivyoiacha. Betri inakufa, petroli inachacha, diski za breki zinaota kutu kwa hewa ya chumvi, na panya wanaona waya za injini kama chakula. Kila wiki lazima ipate mwendo wa kweli, hadi injini ipate moto vizuri na eisi iwashwe, siyo kuliwasha dakika tano uani. Asiyeweza kutoa saa moja kila wiki ajue hatunzi, anachelewesha tu kuuza huku bei ikishuka.

La pili ni la nyumbani. IST inaingia getini ikiwa gari la baba la kazini. Wiki ya tatu mama watoto anaipeleka shule, kwa sababu ni otomatiki na inapaki popote. Mwezi wa pili ina viti vya watoto nyuma na mabaki ya biskuti. Baba amerudi Posta na Altezza kila siku, mafuta yale yale, foleni ile ile, ila sasa ana bima mbili. Hili nimeliona kwa watu wengi kiasi kwamba naliona ndilo swali la kwanza kuliko yote: nani ataendesha lipi, Jumatatu hadi Ijumaa? Kama jibu ni kwamba mama anahitaji gari kweli, basi inunuliwe kwa jina hilo, na Altezza ipimwe upya kama gari la kazi, ambapo kusema kweli haipimiki vizuri.

Na ndugu, jamani. Mtu mwenye gari moja akiombwa kwa ajili ya send-off anasema nalitumia. Mwenye mawili anaambiwa, "Si una lingine?" Hawaombi IST, wanaomba Altezza, maana inapendeza kwenye picha. Inarudi Jumatatu na klachi inanuka.

Wapo wanaoshauri njia ya kati: uza, nunua Toyota Mark X, upate raha na utulivu kwenye gari moja. Ni gari tamu, lakini kwa injini ya lita 2.5 kwenye foleni umerudi kwenye mafuta yale yale uliyoyakimbia. Ushauri bora kuliko huo ni wa kutonunua kitu. Anayekaa Kimara, jirani na kituo, ana mwendokasi tangu 2016. Msongamano upo na kila mtu anaujua, lakini milioni 10 hazijatoka mfukoni, Altezza inapumzika siku tano, na siku ya mvua kuna Bolt. Ajabu ni kwamba wengi hawataki hata kulijadili hili. Wako tayari kuendesha gari wasilolipenda kuliko kusimama kwenye basi.

Kwa aliyepanga nyumba Tabata, uwanja wa magari mawili kwa wapangaji sita, na IST yenyewe ananunua kwa mkopo, ningemwambia auze Altezza mwezi huu, kabla ya kiangazi kuisha na rangi kuanza kudai. Kwa yule wa Goba, mwenye geti na kivuli, mwenye hela ya IST mkononi na fundi anayemwamini, ningesema ibaki, lakini kwa masharti: IST iwe ya pesa taslimu, saitimira zake zifungwe skrubu kabla haijalala nje usiku wa kwanza, na Altezza iwe na mfuko wake wa spea usiochanganywa na ada ya shule. Mfuko huo ukikaa mtupu miezi sita, dalali apigiwe, na asipigiwe siku gari limeshachemsha.