Kadi ya kutazamia video: usianze na GB

Ukiingia duka la kompyuta kutafuta kadi ya grafiki, muuzaji atakutajia GB, yaani ukubwa wa kumbukumbu ya kadi, kabla hujafungua mdomo. "Hii GB 2, hii GB 4, chukua ya 4 kaka." Mcheza gemu ana sababu ya kuzihesabu. Wewe unayetaka filamu na YouTube zicheze bila kukwama, anza na swali jingine: kadi hii inafumua kodeki zipi?

Video hukufikia ikiwa imebanwa, na njia ya kuibana ndiyo kodeki. H.264 ilitoka 2003, HEVC na VP9 mwaka 2013, AV1 mwaka 2018. Ndani ya kadi kuna kipande maalumu cha kufumua, nacho kinazijua kodeki kilizoundiwa tu. Ikija kisiyoijua, mzigo wote unaangukia prosesa. Hata ungekuwa na GB 8, hazitafumua chochote.

Mfano ni GT 710. Ni ya bei ya chini, lakini chipu yake ni ya kizazi cha Kepler cha 2012: H.264 inaimudu vizuri, HEVC na VP9 haizijui kabisa. GT 1030 ya 2017 inazijua zote tatu, inakula wati 30 hivi, haihitaji waya wa umeme wa ziada, na HDMI yake inapeleka picha ya 4K kwa runinga. AV1 haimo. Anayeitaka AV1 atazame Intel Arc A310 au A380, ingawa hizo zinapendeza zaidi kwenye bodi mama mpya. RX 6400 ni ya 2022, na bado haifumui AV1, kwa hiyo upya wa kadi peke yake usikushawishi.

Nyumbani nina kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, prosesa yake ya 2012. Video ya VP9 ya 1080p ilikuwa inaipandisha prosesa karibu na mwisho, feni inavuma, sauti inatangulia picha. Nilipoweka GT 1030, prosesa ilitulia, na watoto wakaacha kuniita kila dakika. Kwangu mimi, kwa mashine za umri huo, bado ndiyo kadi ninayompendekezea mtu bila kusita, mradi aikute kwa bei ya mtumba.

Ila pima kwanza kabla hujatoa hela. Cheza video YouTube, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu yake, chagua mstari wa takwimu (Stats for nerds), utazame jina la kodeki. Ukiona avc1 ni H.264, vp09 ni VP9, av01 ni AV1. Kisha fungua Task Manager uone prosesa inavyohema. Kama prosesa yako ni Intel ya kizazi cha saba au zaidi na ina grafiki yake ndani, HEVC na VP9 inazimudu yenyewe. Hela yako nunulia SSD, ile diski ya kasi. Na kwa asiye na hela kabisa, kuna kiongezi cha bure cha kivinjari kiitwacho h264ify kinachoilazimisha YouTube kukuletea H.264. Utaishia 1080p, lakini itacheza.

Wenye kasha jembamba, waulize dukani kama kibati kifupi kimo ndani ya boksi. Bila hicho kadi haifungiki.